Kisichotumika Kizimwe

Siku ya kupiga pasi nyumbani kwa msoma mita ilikuwa Ijumaa, na nguo zote za wiki zilipigwa kwa mkupuo mmoja. Zilitangulia nzito, suruali za kazini na sketi za shule, zikafuata nyepesi. Zikibaki leso, pasi ilichomolewa ukutani, maana joto linalobaki kwenye chuma linatosha leso na halina gharama. Hiyo ilikuwa sheria ya baba wa nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mita, na mkewe aliishika barabara.

Ijumaa hiyo mabinti wawili walikuwa shuleni, na mume alikuwa akizunguka nyumba za watu kusoma mita zao za umeme. Mke alikunja leso ya mwisho, akaiweka juu ya fungu. Hakuna mtu aliyemhitaji kwa lolote. Akazimika.

Hakuanguka wala hakuumwa. Hakuwepo tu. Binti mdogo alipoingia akaita, "Mama, njaa," alikuwepo tena palepale kando ya meza, mkono ungali juu ya leso. Aliigusa pasi, akaikuta imepoa. Akaenda kupakua.

Ikumbukwe kwamba nyumba ile ilibana matumizi mpaka matumizi yenyewe yakahema. Vipande vya sabuni vilifinyangwa vikawa sabuni mpya ya rangi tatu. Dawa ya meno ikigoma kutoka, mrija ulipasuliwa kwa wembe ukakwanguliwa. Maji ya kusuuzia nguo yalipiga deki, kisha yakaenda chooni. Maharage yalichemka kidogo tu, sufuria ikaepuliwa na kuvikwa blanketi, yakajiivia humo kama mtu anayetolewa jasho la homa. Kola ya shati ikichakaa ilifumuliwa, ikageuzwa, ikashonwa upya. Na juu ya mlango wa sebule Bwana Mita alikuwa ameandika kwa chaki: Kisichotumika kizimwe. Hakusema ni taa tu.

Mke alimweleza jioni, wakati wa kula.

"Kwa hiyo ukizimika, huli?" mume aliuliza.

"Nitakulaje, Baba Watoto, na mimi sipo?"

"Na ndara haziishi."

"Haziishi."

Bwana Mita alitafuna taratibu. Akasema hilo si jambo baya, mradi chakula cha jioni kisichelewe. Hakuwa mtu katili. Yeye mwenyewe alitembea kwa miguu juani kutwa nzima ili nauli irudi nyumbani, na nyama ikipatikana aligawa sawa. Kazini aliwasimulia wenzake, nao wakamwonea wivu, mmoja akauliza kama jambo hilo linafundishika.

Basi nyumba ikazoea. Mama alikuwepo asubuhi, watu wakitafuta soksi. Walipotoka akazimika, na waliporudi akawaka. Shida ni kwamba watoto hukua. Siku binti mkubwa alipojua kupika wali usioungua, mama alipoteza saa nzima ya magharibi. Binti mdogo alipojifunza kujifungia vifungo vya mgongoni, asubuhi nayo ikapungua. Mama alipongeza kila mara, maana ni sifa mtoto kujua kazi, ila alianza kuwaficha mabinti namna ya kukata mikono ya gauni. Msimu wa mvua uliingia na kutoka, naye aliujua kwa ukungu ulioota ukutani.

Mwenyewe hakulilia chakula wala ndara. Alililia umbea. Tangu usichana wake aliitwa Kasuku, na jina hilo hakulipata kwa kununua. Alikuwa mtu wa watu. Ukimpa habari nusu asubuhi, jioni anakurudishia nzima, imevaa na viatu. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa msusi, anayesukia wateja barazani kwake, na alasiri zote za miaka yote walizimaliza pale, midomo ikienda sambamba na vidole.

Siku moja msusi aliona ukimya umezidi. Akaja na chupa yake ya chai, akagonga, akaitikiwa, akakaribishwa kiti. Kasuku alikuwa na habari moja iliyomchoma ulimi: muuza mkaa alikuwa na wake wawili, mmoja mtaa huu na mwingine mtaa wa pili, na kila mmoja alijijua yuko peke yake. Kwa kubana matumizi, jamaa alinunua kitenge kimoja, akakikata katikati, akampa kila mke kipande. Sasa wale wanawake wamekutana dukani, kila mmoja kakivaa chake, na ua lililokatikia kwenye paja la mmoja lilimalizikia kwenye paja la mwenzake.

"Mke mkubwa akaliangalia lile ua," Kasuku alisema, "akamwangalia yule mdogo, halafu akam—"

Kiti kikabaki kitupu. Msusi alikuwa amekuja kukaa tu, hakuwa na haja ya kitu, na kumbe umbea haukuhesabiwa kuwa ni matumizi. Msusi alimaliza chai yake, akangoja, akaosha kikombe, akarudishia mlango nyuma yake.

Lakini msusi hakuzaliwa jana. Kesho yake, akiwa na kichwa cha mteja mapajani, aliita kupitia ukuta: "Kasuku, shoga yangu, njoo unishikie nywele hizi. Mikono yangu haitoshi."

Kasuku akawaka, akaja. Akakaa kwenye kigoda, akawa anachambua nywele, anampa msusi kifungu kimoja kimoja. Kichwa kikiwa hakijaisha, naye yupo. Akala alasiri nzima pale, akacheka mpaka akashika mbavu, na siku zilizofuata ikawa hivyohivyo. Tatizo lilikuwa moja: habari za watu wengine zilitangulia, zile ndogondogo, na kila alipofika kwa muuza mkaa, msuko wa mwisho ulikuwa unafungwa, naye akakatikia palepale kwenye ua.

Wiki iliyofuata Bwana Mita alirudi mapema, akamkuta mkewe barazani kwa watu, kinywa wazi. Hakugomba. Aliamkia, akavua kofia, akaeleza kwa upole kama anavyowaeleza wateja wake.

"Shemeji, jirani akivuta waya dirishani kwangu, akawasha taa yake, nyumba yangu lazima ipate chochote. Si ndiyo haki?"

Msusi alisema ndiyo haki. Wakajadiliana, na ikakubaliwa kwamba msusi atawasuka mabinti wote wawili bure kila mwisho wa mwezi, na kwa ajili hiyo atamtumia mama yao alasiri, kichwa kimoja kwa siku. Bwana Mita alifurahi, maana pesa ya kusuka mabinti ilikuwa imemnyima usingizi. Kasuku hakuulizwa. Alikuwa anashika nywele.

Mume alirudi ndani, akanawa miguu kwa maji ya kusuuzia, akaanza kumenya viazi mwenyewe, maganda membamba kama karatasi, ili asimwite mke nje ya saa zake.

Barazani kichwa kilikuwa kinaelekea mwisho. Kasuku aliharakisha. Akawapitisha wale wanawake dukani, akawavalisha kitenge, akalifikisha ua kwenye paja.

"Mke mkubwa akaliangalia lile ua," alisema, "akamwangalia yule mdogo…"

Ulibaki msuko mmoja, nyuma ya sikio, na msusi alikuwa ameshaufikisha ncha, uzi uko tayari mdomoni. Akamtazama Kasuku, ambaye ukingo wa bega lake ulikuwa umeanza kuonyesha ukuta wa nyuma. Akautema uzi. Akaufumua msuko wote mpaka kwenye ngozi.

"Dada, si ulikuwa umeisha huo?" mteja aliuliza.

"Ulikaa upande. Tulia." Akamsogezea Kasuku zile nywele. "Shika hapa, shoga. Enhe. Akamwambiaje?"