Gurudumu la Nyuma Kushoto

Jumapili ya mwisho ya msimu, Léopold aliingia uwanjani saa saba mchana kwa tiketi ya mtazamaji, akanunua chai, na kabla hajaionja mtu akamtemea mate kiatuni. Alikipangusa kwa tishu. Siku hizi hakuwa anakwenda mashindanoni bila tishu.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya nyumba za halmashauri kule ughaibuni, kitongoji cha Kingstanding, njia ya lami yenye umbo la yai, na magari yake ni yale ya magurudumu wazi, yasiyofunikwa na bodi. Mwaka uliopita, katika mzunguko wa mwisho wa mbio za mwisho, gurudumu la nyuma kushoto la gari la dereva kijana, Sandeep, lilichomoka. Gari likabamiza ukuta, Sandeep akafa papo hapo. Gurudumu halikusimama. Liliendelea kuzunguka peke yake, likishika kona zote vizuri, na mpaka leo lilikuwa bado linazunguka.

Watu walizoea. Mara mbili walijaribu kulikamata, mara zote mbili likamvunja mtu mguu, basi wakaachana nalo. Jirani mmoja aliandika barua kulalamikia kelele. Kwa kuwa lilivuka mstari katika kila mbio, waamuzi walilihesabia alama, na kwa kuwa lilitoka kwenye gari la Chhotubhai, tajiri mwenye timu, waliliandikisha kwa jina lake. Siku hiyo lilikuwa la pili kwenye msimamo.

Kamati ilikata shauri kwamba fundi hakukaza nati. Fundi ndiye Léopold, mtu wa Bukavu, ambaye kila akikaza nati huipiga mstari wa rangi ya njano, kutoka kwenye nati hadi kwenye gurudumu, ili ikilegea hata kidogo mstari ukatike. Aliyaeleza hayo. Kamati ikamwambia alete gurudumu. Ataletaje kitu kinachokimbia? Wakamnyang'anya leseni, na sasa anaziba pancha mtaa wa Winson Green. Lakini leseni haikumuuma sana. Kilichomkata maini ni Kulwinder, mama yake Sandeep, mzaliwa wa Nakuru, aliyekuwa akimletea chapati gereji na kupiga naye soga kwa Kiswahili. Sasa akimwona hugeuza uso kama aliyenusa mzoga. Léopold alitaka mama huyo auone ule mstari, basi.

Mbio zilikuwa za mizunguko sitini. Gurudumu lilianza nyuma kabisa, kwa kuwa halisimami kupangwa, na kufikia wa hamsini lilikuwa la tatu. Kwenye kona ya mwisho magari mawili ya mbele, ambayo madereva wake hawapatani tangu Mei, yalisukumana hadi yakapandana. Gurudumu likapita katikati ya moshi na kuvuka mstari la kwanza. Bendera ya miraba myeusi na myeupe ikapepea, ubingwa ukawa wake, na jukwaa zima likazomea.

Ndipo likapunguza mwendo. Likapita kwenye mwanya wa uzio na kulala miguuni pa Léopold, lingali la moto. Nati ilikuwa mahali pake, na mstari wa njano mzima. Katikati kilibaki kipande cha ekseli kilichokatika kama muwa, nusu ya mkato wake ikiwa na kutu ya zamani.

"Mama Sandeep, kuya uone!" Léopold aliita. "Écrou yangu, nati, ni ile, haikusogea. Ni essieu, hii ekseli, ndiyo ilivunjika. Nilimwambiaka patron Chhotubhai, essieu iko na mupasuko. Akasema itamaliza tu hii course, hii mbio ya mwisho."

Kulwinder alishuka jukwaani akaja. Akavaa miwani, akainama, akaufuata mstari kwa kidole. Mwamuzi naye alitazama, akasema ni kweli, ila muda wa rufaa ni siku ishirini na nane na shauri lilishafungwa.

"Nimeona, fundi," Kulwinder alisema. "Mstari ni mzima."

"Basi uniachilie, mama."

"Nikuachilie, halafu nimshike nani? Hiyo gari ni mimi nilimwomba Chhotubhai ampatie mtoto wangu. Nilimlilia ndio akakubali. Wacha lawama ikae kwako."

Akavua miwani.

Chhotubhai alifika na kombe kwapani, akampa mwamuzi mkono, akasema gurudumu lisafishwe haraka, mpiga picha anasubiri. Fundi wake mpya alileta kitambaa chenye petroli. Kulwinder akakichukua mkononi mwa fundi huyo. Alipiga magoti na kusugua taratibu, kama mama anayemwosha mtoto uso, mpaka rangi ya njano ikaisha yote, kisha akasimama kando ya gurudumu ili apigwe picha nalo.

Léopold alitoka. Getini mtu alimtemea mate, safari hii kiatu cha kushoto, naye akaingiza mkono mfukoni kutafuta tishu.