Kongosho la Daktari

Hii ilikuwa mara ya tatu Mzee Kasiani kufunga safari toka Kisarawe hadi Kibaha na tumbo tupu, kisa kongosho lake kuonekana jeupe kwenye picha. Daktari alishikilia kuwa ni ugonjwa. Redempta, aliyeendesha mashine mpya ya picha za tumbo, alikuwa ameeleza mpaka mate yakamkauka: mtu akizeeka au akinenepa, mafuta hujipenyeza kwenye kongosho, nalo hung'aa.

"Wewe piga picha," daktari akafoka. "Kusoma niachie mimi."

Redempta akamwinua mzee kitandani. "Basi lala wewe, Ndugu Daktari, tulinganishe."

Daktari akapanda na kitambi chake, akicheka. Kwenye kioo cha mashine, kongosho lake likang'aa kuliko la mzee.

"Haya," Redempta akasema. "Soma."