Kiti cha Daktari wa Mgongo

Wiki tatu baada ya kunipasua mgongo, daktari bingwa aliniita kwenye kliniki yake binafsi anikague. Alipoketi, kiti chake kikayumba. Mimi ni seremala. Kiti kikiyumba mbele yangu, damu hunichemka.

"Skrubu ya mguu wa nyuma imelegea," nikasema.

"Mzee, usiiname! Nilikukataza kwa wiki sita."

"Nani kasema nitainama mimi? Piga magoti wewe."

Binti yangu aliyenisindikiza akanifinya. Daktari akacheka, akachukua sarafu ya kukazia skrubu, akaingia chini ya kiti. Nikamwelekeza nikiwa nimesimama wima kama mlingoti: zungusha kulia, kaza, bado, kaza! Skrubu ikakaa sawa. Daktari hakutoka.

"Mgongo," akanong'ona huko chini. "Umekwama."

Kweli mganga hajigangi. Binti yangu alitaka kumvuta mkono, nikamkemea. Nikatoa mfukoni karatasi ya maagizo niliyopewa baada ya upasuaji, yenye sahihi ya daktari mwenyewe, nikavaa miwani na kumsomea: "Usiinuke kwa ghafla. Geukia ubavu kwanza. Usiwe na haraka."

Kwa kuwa haraka haikuwepo, nikaketi kwenye kiti chake kumsubiri. Hakikuyumba hata kidogo.