Trofi Haiendi Nyumbani

Getini pa shule, mwalimu wa michezo alikuwa ameshika mkoba upande mmoja, Joyline ameshika upande wa pili, na hakuna aliyetaka kuachilia.

"Toa tu, Joyline. Hiyo kitu haiwezi kuingia na wewe."

"Kwa nini, Mwalimu Levis?"

"Sasa ukiingia nayo mkononi, Mheshimiwa atakupa nini?"

Nasteha, rafiki yake aliyemsindikiza kutoka Homa Bay, aliangua kicheko. "Lakini mwalimu, alishapewa. Alipewa huko Amerika, na wenyewe."

"Huko ni huko," Mwalimu Levis alisema, uso haucheki hata kidogo. "Hapa bado hujapewa."

Joyline akaachilia. Ndivyo alivyokuwa, mtu akivuta sana yeye anaachilia. Mwalimu akafungua mkoba hapo hapo, akatoa lile pande la kioo, zito, limechongwa kama kipande cha barafu kilichokatwa na panga, akaenda nalo akilibeba kifuani kama mtoto wa mtu.

Ilikuwa siku ya zawadi katika shule yake ya zamani, nje kidogo ya mji wa Migori, na yeye hakutaka kuja. Alikuwa hajamaliza wiki tangu arudi. Lakini Madam Truphena, mwalimu mkuu, alikuwa amempigia simu mama yake kule Isebania, akamwambia shule nzima inamngoja bingwa wao. Mama naye akamwomba Joyline kwa upole, akamwomba tena, na mama yake akiomba kwa upole hakuna mtu anaweza kukataa. "Enda tu uketi, mwanangu, upigiwe makofi, urudi."

Bingwa wao! Hiyo neno "wao" ndiyo ilikuwa inamkwaruza roho njia nzima.

Kwa sababu hapa ndipo Madam Truphena alimtoa kwenye timu ya hoki akiwa Form Two. Akiwa Form One timu ilikuwa imeshinda mashindano ya kaunti bila kufungwa hata bao moja, na siku ya zawadi kama hii wasichana wakaitwa mbele mmoja mmoja, kila mtu na blanketi yake. Kipa, Joyline, hakuitwa. Joyline alipoenda kuuliza, akaambiwa ana mdomo, na mwaka uliofuata akakuta nafasi yake ina mtu mwingine. Akalia, akahamia Homa Bay kwa shangazi yake, Dorine, akaingia shule ya huko. Na ni huko Homa Bay ndiko alikuwa kipa kweli kweli. Nasteha, mtoto wa mzee Noordin wa duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anampigia mipira kila jioni nyuma ya duka, mlango wa mabati ukiwa goli, mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna mtu anachapwa.

Amerika alienda kusoma, hakuenda kucheza. Chuo kidogo, mahali baridi inauma mpaka meno. Makipa wa timu ya wasichana ya hoki ya barafu wakaumia wote wawili, na mtu fulani akakumbuka yule Mkenya alisema kwao alikuwa anasimama golini. Wakamvalisha viatu vyenye visu chini, wakamsukuma kwenye barafu. Alianguka kama ndama aliyezaliwa leo. Alianguka mwezi mzima, watu wakimcheka na yeye akijicheka. Lakini mkono ulikuwa unajua kazi. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kilikuja mbio kuliko mpira wowote wa nyasi, na mkono ukakifuata.

Mwaka wa nne akapewa ile kioo: Kipa Bora wa Ligi, vyuo vya wanawake. Na si mchezo. Huko makocha ndio wanapiga kura, na kocha haruhusiwi kumpigia mchezaji wake. Kwa hivyo waliomchagua ni wale wale aliowanyima mabao. Jina lake limechongwa hapo, Joyline Mirumbe, herufi zimeingia ndani kabisa. Kesho ya hii siku ya zawadi, Jumapili, wasichana wa timu ya Homa Bay walikuwa wakutane kwa kina Nasteha waishike kwa mikono yao. Wengine walikuwa wameolewa, mmoja alikuwa anatoka kisiwa cha Remba na mtoto mgongoni. Joyline aliwaahidi. Kwa roho yake, nusu ya hiyo kioo ilikuwa yao.

Basi Joyline na Nasteha wakaketi kwenye tenti. Mheshimiwa Cephas, mgeni rasmi, aliambiwa saa nne, akafika saa nane. Wanafunzi walikuwa wameimba nyimbo zote walizojua wakaanza kuzirudia. Mbele kulikuwa na meza ya zawadi imejaa masufuria, mabeseni, thermos za maua, na katikati ya thermos, kioo cha Joyline kinang'aa kama kimepotea njia.

"Inakuangalia," Nasteha alinong'ona. "Inasema, nitoe hapa."

"Wacha, nitacheka."

"Cheka sasa. Hawa watu siwaamini, wallahi."

Mwalimu Levis akachukua maiki. "Na sasa! Bingwa wa dunia wa hoki ya barafu!"

"Si dunia," Joyline alisema chini chini. "Ni ligi."

Madam Truphena akasimama na kilemba chake kirefu, akanyanyua mkono wanafunzi wakanyamaza. "Huyu mtoto mnayemwona," alisema, "tulimfinyanga hapa. Kwa huu uwanja. Kwa hii mikono." Akaonyesha mikono. "Nilimwona akiwa mdogo nikasema, huyu ni kipa."

Watu wakapiga makofi. Joyline alihisi masikio yakishika moto, halafu shingo. Alikuwa anajua aibu, aliishi nayo tangu utotoni. Hii haikuwa aibu.

Akaitwa. Akatembea hadi mbele, macho chini. Mheshimiwa Cephas akainua kioo juu, akageuka kwa wapiga picha, akatabasamu, akageuka upande mwingine, akatabasamu tena. Joyline akanyoosha mikono yote miwili.

"Nani anapokea kwa niaba ya shule?" Mheshimiwa akauliza.

Na Madam Truphena akaja akicheza, mabega yakienda juu chini, walimu wa kike nyuma yake wakipiga vigelegele. Akapokea. Akalibusu lile pande la kioo. Mikono ya Joyline bado ilikuwa hewani, watu mia tano wakiangalia, mpaka Mwalimu Levis akaijaza. Akamwekea leso na thermos.

"Asante kwa kuiletea shule heshima," alisema kwa maiki. "Mpigieni makofi ya kilo!"

Nasteha alikuwa amesimama juu ya kiti. "Hee! Hee, nyinyi! Hiyo ni yake!" Lakini spika zilikuwa zimeanza muziki.

Sherehe ilipoisha walimkuta Madam ofisini. Meza yake kubwa ilikuwa imeandaliwa chakula cha wageni, kuku, samaki mzima kwa mchuzi, ugali umefunikwa na kitambaa, kwa sababu wageni wakubwa hula ofisini na wengine wote hula nje. Kioo kilikuwa kimeshaingia kabatini, kati ya kikombe cha mpira wa wavu na ngao ya kwaya. Madam alikuwa anafunga kwa ufunguo.

"Madam," Joyline alisema. Sauti ilitoka kidogo sana. Akajaribu tena. "Madam, nimekuja kuchukua kioo yangu."

"Kioo gani, nyathina, mwanangu?"

"Hiyo umefungia."

Madam Truphena akacheka, si kwa ubaya, na hapo ndipo ilikuwa mbaya zaidi. Kweli alikuwa anashangaa. "Wewe umewahi kuona msichana ametoka hii shule na trofi kwa kwapa? Trofi haiendi nyumbani. Trofi inakaa ofisi ya prinsipo. Iko hivyo kila shule."

"Hiyo ni ya timu. Hii ni ya mtu. Angalia, imeandikwa jina yangu."

"Na hilo jina lilianza wapi Form One?"

"Lilitolewa hapa Form Two!" Nasteha akaingilia.

"Wewe binti wa dukani sijakuita." Madam akaweka ufunguo ndani ya blauzi. "Joyline, usiwe mchoyo. Wasichana wangu wakiiona kila siku watapata moyo."

"Kesho kuna watu wanaingoja Homa Bay. Timu yangu. Ndio walinifundisha."

"Homa Bay wajitafutie yao," Madam alisema. "Sasa tokeni, wageni wanakuja kula."

Wajitafutie yao. Joyline aliona yule wa Remba akivuka ziwa na mtoto mgongoni kuja kuona mkoba mtupu. Akaanza kutoka jinsi alivyoambiwa. Alifika mlangoni. Akasimama.

Akatanua miguu ikagusa fremu huku na huku. Akakunja magoti, akashusha mabega, mikono ikafunguka yenyewe.

"Unafanya nini?" Madam aliuliza kutoka ndani.

"Nimezuia, Madam."

"Joyline," Nasteha alisema polepole, akiwa ametangulia kwenye veranda. "Uko serious?"

Mwalimu Levis ndiye alifika wa kwanza, amebeba kreti ya soda. Akaenda kushoto, akakuta goti. Akaenda kulia, akakuta kiwiko. Akaweka soda chini, akajaribu kuinama apite chini ya mkono, na mkono ukashuka naye.

"Wewe, msichana!"

"Jaribu katikati, mwalimu," Nasteha alimwambia. "Katikati ndiyo anapenda."

Wageni wakajaa veranda, wamekunja mikono ya mashati tayari kunawa. Wa nyuma wanasukuma wa mbele, hawajui kuna nini. Harufu ya kuku inapita juu ya kichwa cha Joyline inawafikia vizuri sana. Madam akawa amefungiwa ndani na chakula, wageni wamefungiwa nje na njaa. Wasichana wa shule nao wakaanza kusogea, sahani zao za githeri mkononi.

"Nyathina, toka hapo," Madam akabembeleza. Halafu, "Joyline, nitamwita askari!" Halafu akamsukuma mgongoni. Joyline hakusogea hata upana wa kidole. Alishasukumwa na wasichana wa kilo themanini wanakuja mbio kwenye barafu.

Mheshimiwa Cephas akapenya hadi mbele. "Kuna shida gani hapa? Si huyu ndiye bingwa?"

"Ameharibika na mambo ya Amerika, Mheshimiwa," Madam alisema juu ya bega la Joyline. "Ni mambo madogo tu."

"Binti, unataka nini?"

Ilikuwa ni lazima aongee sasa, mbele ya watu wote wale. Lakini hasira ilikuwa imefika mahali aibu haijawahi kufika, ikamsukumia maneno nje.

"Nataka kitu yangu! Nimepigwa na kile kisahani mpaka mbavu ikavunjika. Nimelala na barafu kwa goti miaka minne. Hakuna mtu wa hapa alikuwa huko. Huyu Madam alinitoa kwa timu, na leo anasema alinifinyanga. Alinifinyanga na nini? Mmenichukulia getini, mkapeana wenyewe kwa wenyewe, mkanipigia makofi! Mimi nikapewa thermos! Hakuna mtu anakula hapa mpaka nipewe kitu yangu. Hakuna."

Machozi yalikuwa yanashuka, lakini magoti hayakunyooka.

Halafu msichana mmoja huko nyuma akagonga sahani yake na kijiko, kah, kah, na mwingine, na veranda yote ikajaa kelele ya masahani.

Mheshimiwa aliangalia wasichana. Akaangalia kuku. Akaangalia saa. "Madam, mpe mtoto kitu yake tukule."

"Mheshimiwa, utaratibu wa shule..."

"Madam! Samaki inapoa!"

Ufunguo ukatoka kwenye blauzi. Kabati likafunguliwa. Mheshimiwa, ambaye alikuwa mwepesi wa mambo kama haya, akanyoosha mkono akapokea kioo kupitia juu ya bega la Joyline, akampa mtu wa kamera ishara. "Sasa tupige picha nzuri. Binti, geuka hivi, shika hapa, nikupe rasmi."

Joyline akanyooka kwa mara ya kwanza. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Umeshaipeana mara moja leo, Mheshimiwa. Weka kwa meza. Nitachukua mwenyewe."

Kamera ikashuka. Mheshimiwa Cephas alisimama na kioo mkononi kama mtu ameshikishwa mtoto wa jirani, halafu akapita, kwa sababu sasa mlango ulikuwa wazi, akaenda akakiweka mezani mahali palipobaki nafasi, kati ya ugali na samaki. Joyline akafuata. Akakichukua. Kilikuwa na mchuzi chini. Hakusema asante, hakumwangalia Madam, na Madam hakumwangalia. Akaacha leso na thermos kwenye kiti.

"Thermos tunaenda nayo," Nasteha alisema, akaikwapua.

Walivuka uwanja wote. Wasichana waliwapisha, mmoja akanyoosha kidole akagusa kioo haraka kama kitamchoma. Getini Joyline akasimama. Nasteha akamshika viwiko.

"Unalia bado?"

"Silii. Nimekasirika."

"Lakini umepata."

"Najua nimepata! Nimepata, na bado nataka kurudi nipindue hiyo meza."

Nasteha alifikiria hilo kidogo, akaangalia nyuma ofisini ambako wageni walikuwa wanacheka tayari, vijiko vinalia. "Hata mimi," alisema. "Basi kasirika tukitembea. Gari za Homa Bay zitajaa."