Kabati Lilikuwa Fupi

Jumanne ya tarehe tisa Machi, wakati mimi nimetumwa mjini kupokea kitambaa kipya cha meza, fimbo ya marehemu mke wangu ilikatwa vipande viwili kwa amri ya meneja. Naitaja tarehe kwa sababu wenyewe wameshaanza kusema ni mambo ya zamani, tuyaache.

Mimi ni mtunzaji wa klabu ya wafanyakazi wa kiwanda. Kazi yangu ni kuipiga brashi meza ya snuka, kukipiga pasi kitambaa chake, kuhesabu mipira na kuwatoa walevi. Fimbo za kuchezea zilisimama ukutani kwenye ubao wenye matundu miaka yote, wala hakuna aliyelalamika. Kisha tukaletewa meneja mpya, mtu wa kila kitu kikae kwenye mstari, tukambandika jina la Bwana Rula. Akasikia wageni wa makao makuu wanakuja. Akasema fimbo zikae kwenye kabati lenye kioo na kufuli. Kabati likaletwa, na kabati lilikuwa fupi.

Mtu mwenye akili timamu angelirudisha kabati. Bwana Rula akaagiza fimbo zikatwe. Fundi wa mashine akazipitisha zote kwenye msumeno, katikati kabisa, akazitia viungio vya shaba vya kufungua na kufunga. Jioni nikarudi na kitambaa begani, nikazikuta zimelazwa nyuma ya kioo, nusu huku, nusu kule. Meneja akaniambia hata wachezaji wa kwenye televisheni fimbo zao zinafunguka. Kweli zinafunguka. Lakini zile zilizaliwa hivyo, na uzito wa shaba ulipangwa tangu mti ukiwa ubao.

Nikamwuliza kama wamekata na ile ya mwisho kushoto. Akaniuliza hiyo ilikuwa na nini cha ajabu.

Mke wangu alikuwa seremala wa kiwanda hicho hicho. Useremala alifundishwa na baba yake, yeye na mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, ambaye sasa ana karakana yake mwenyewe. Ubao wa fimbo ile aliupata kwenye shehena ya mashine zilizotoka nchi za baridi, mti mweupe, mgumu, ambao ukiupiga randa unatoa mistari kama vichwa vya mishale vinavyofuatana. Alizipitia mbao moja moja, anagonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, nyingi akazitupa. Aliouchagua akauweka chini ya kitanda chetu ukauke taratibu, misimu miwili ya mvua, kwa hiyo naweza kusema nililala juu ya fimbo ile kabla haijawa fimbo. Nikimwambia auanike juani tupate nafasi ya kuweka viatu, ananijibu, "Mti ukiharakishwa unapinda, kama wewe ukiamshwa mapema."

Sehemu ya kushikia aliifanya ya mpingo, na mpingo wenyewe ulitoka kwenye mguu wa meza ya bodi ya wakurugenzi iliyovunjika. Kitu pekee cha maana nilichowahi kuona kikitoka kwenye bodi. Hakuubandika tu hapo chini kama wanavyofanya wenye haraka. Aliuchonga ndimi nne ndefu, zikapanda na kuingia ndani ya mti mweupe, akatia gundi, akaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli na kuiacha mpaka ikashikana. Urefu aliupima kwa mwili wake. Ikisimama sakafuni ilimfika kidevuni.

Sasa ukiipiga. Ukiupata mpira mweupe sawasawa, unasikia kwenye kiganja cha mkono wa nyuma kitu kinagonga kidogo tu, kama mtu aliye upande wa pili wa mlango. Mlio ulitoka nchani ukapita kwenye mti mmoja usiokatika mpaka kwenye zile ndimi, ukaingia mkononi. Yeye alisema fimbo imeitika. Nyingine za klabu hazikuwa na habari hiyo, ilikuwa kama kusukuma mpira kwa mpini wa fagio.

Vumbi la karakana ndilo lililomwingia kifuani. Maseremala waliomba feni ya kulivuta, wakaambiwa bajeti. Vitambaa vya kuziba pua vilikuja siku ya picha za kalenda ya kiwanda, picha zikapigwa, vitambaa vikarudishwa stoo. Aliposhindwa kupanda ngazi za karakana wakamhamishia ofisi ya chini, wakaniambia nishukuru. Msibani wakuu walituma maua ya plastiki na mtu wa kusoma hotuba, na huyo mtu alikosea jina la idara ya marehemu.

Tangu tumzike, kila asubuhi kabla ya kufungua klabu naweka mpira mweupe na mwekundu mmoja, natoa fimbo yake, napiga. Ikiitika naenda kufungua mlango, siku yangu imeanza. Sikumwambia mtu, hata binti yetu. Ningemwambiaje, kwamba mama yake anagonga?

Asubuhi ile baada ya kukatwa nikavifunga vipande viwili na kupiga. Mpira mwekundu uliingia mfukoni vizuri tu. Mkononi hamna kitu. Mlio ulifika kwenye shaba ukafia hapo. Hata uzito ulikuwa umehama. Zamani ukiilaza juu ya kidole ilitulia shubiri moja mbele ya mpingo, sasa shaba inaivuta mbele, na mkono wa nyuma unabaki mwepesi, unashika kitu cha watu. Nikapiga tena, nikapiga mpaka wachezaji wakaanza kugonga mlango, na kwa sekunde moja nilidhani ni yeye. Aibu iliyonishika hapo naiweka kwenye hesabu ya Bwana Rula.

Nilimfuata ofisini, nikamwambia nimeipiga ile fimbo na haiitiki tena mkononi. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinipa kiti, akaniambia ataniagizia fimbo mpya kabisa nichague rangi. Kisha akauliza, "Lakini mzee wangu, mpira si umeingia?"

Ufunguo wa kabati ninao mimi. Nilivitoa vipande viwili, nikavifunga kwenye shuka, nikampitia binti yetu shuleni na tukaenda karakana ya shemeji. Shemeji ni mtu wa maneno. Kuniona tu mlangoni akaanza, "Shemeji leo umekuja na fimbo, nimekosa nini?" Nikafungua shuka. Akapangusa mikono kwenye aproni, akapitisha dole gumba kwenye ndimi za mpingo, moja moja, mpaka zote nne.

Akasema kazi ya dada haikuguswa, walikata juu yake. Akasema shaba inaweza kutolewa. Ila panapokaa shaba mti umeshatobolewa, hauwezi kuungana tena uso kwa uso. Itabidi akate sehemu ile iliyotobolewa, kisha achonge pande zote mbili mshazari mrefu, zilaliane, atie gundi. Hapo mti utakuwa kitu kimoja na mlio unaweza kupita tena. Hakuapa, alisema unaweza. Lakini panapokatwa na panapolaliana urefu unaliwa, na utaliwa zaidi ya shubiri moja.

Nikauliza mbona asipachike kipande cha mti mwingine katikati. Akasema mti mwingine una mlio wake, nitasikia mgeni. Kuongeza kwa chini je? Mpingo ule ni mkavu mno, ukitobolewa utapasuka. Mimi nikaona jambo limekwisha, nikamwambia aunge, urefu wa nini, mimi sichezi mashindano.

"Baba, ngoja," binti yetu akasema.

Akavifunga vipande kwa ile shaba, akaisimamisha fimbo sakafuni, akaisogelea. Ncha ilimfika juu kidogo ya mdomo. Akatuambia zamani ilikuwa inampita kichwa. Nilikuwa nikidhani Jumamosi anakuja klabu kunisaidia kufagia. Kumbe nikiwa nyuma nahesabu mipira, yeye anaitoa ukutani na kujipima na mama yake.

"Imebaki kidogo nimfikie," akasema. "Ikikatwa nitakuwa nimempita bila kumfikia."

Nikaanza tena habari za Bwana Rula, kwamba yeye ndiye aliyetuletea haya, yeye na kabati lake, na waliomtuma, na waliotunyima feni. Shemeji aliniacha nikamaliza. Alikuwa ameshaibana fimbo kwenye jiliwa, penseli iko mkononi.

"Yote kweli, shemeji," akasema. "Lakini yule alikata bila kuuliza. Mimi nauliza."

Siku hiyo tuliondoka mikono mitupu. Fimbo iko kwake bado, imelala ukutani, kila kipande juu ya misumari yake miwili. Klabu naifungua nikichelewa. Na kila nikipita pale karakana shemeji hanisalimii kwa utani kama zamani, anainua macho kutoka kwenye randa na kuniuliza lile lile:

"Nimrudishie dada sauti yake, au nimwachie kimo chake?"