Dawa za Magoti

Bibi wa kitanda cha pili alitapika damu, na kabla shuka halijabadilishwa wanawe walikwisha kumpata muuaji: mkamwana wa bibi. Nani mwingine? Ndiye aliyempikia, ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyempa dawa ya moyo kila jioni. Mimi nilikuwa kitanda cha tatu, mguu umefungwa plasta, sina pa kwenda. Niliyasikia yote.

Kifungua mimba, bwana wa viatu vya kung'aa, alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba huyo mwanamke hatalala tena nyumbani kwa mama yao. Mume wa mwanamke, mdogo wa bwana huyo, alikuwa anatazama dirisha. Bwege yule.

Mfamasia wa wodi hakubishana na mtu. Aliwaagiza walete kila dawa iliyomo chumbani mwa bibi, hata ya kupaka, hata iliyo chini ya godoro. Mfuko ulipokuja, akaumwaga kitandani. Akaanza na dawa ya moyo, ile ya kuzuia damu isigande. Mkamwana akaeleza anavyompa, na hesabu ya vidonge vilivyobaki ikakubaliana naye. Kisha mfamasia akafungua leso iliyopigwa fundo, ndani mna vidonge vikali vya maumivu. Mkamwana akasema hajawahi kuviona. Kifungua mimba akashikwa na kikohozi.

Mfamasia akawatoa nje, akavuta pazia. Pazia halizibi masikio, nami sikujisumbua kuyaziba. Bibi alikiri bila aibu: ni vya magoti, huletewa na mwanawe mkubwa kila akija, na yeye huvificha ili mkamwana asije akavikataza. Mfamasia akamweleza kwamba hivyo vinachubua tumbo, na kwa kuwa dawa ya moyo haiachi damu igande, kidonda kinavuja bila kukoma. Ni lazima aviache, na wanawe waambiwe.

"Waambie kanipa mkamwana," bibi akasema.

"Mama, huyo ndiye anayekuuguza. Mwanao nusura akuue."

"Afadhali niuawe na mwanangu kuliko kuponywa na mtoto wa watu."

Nilitamani kumpiga kwa gongo langu, mgonjwa au si mgonjwa.

Mfamasia aliwaita, akawaambia ukweli wote. Bibi akamwita mwongo mbele yao, akamnyooshea kidole mkamwana. Mama akisema, nani abishe? Kifungua mimba akakiacha kidole kikae pale pale. Mkamwana alichukua beseni lenye matapishi, akaenda kuliosha, akalirudisha chini ya kitanda, akatoka. Mumewe hakumfuata.

Damu ilikatika, na siku ya kuruhusiwa ikafika. Mfamasia alipanga dawa mezani, akauliza nyumbani atakayezitoa ni nani. Bibi akamgusa mwanawe mkubwa begani, uso umemkunjuka kwa furaha.

Kifungua mimba akazitazama pakiti, akazigeuzageuza.

"Ya moyo ni ipi hapa?" akauliza.