Pemba ya Mama Mageni

Luka, bosi wangu hapa maabara Geita, alisema udongo haufai kwa mashine yetu. "Haupitishi umeme, Aneth. Upelekwe Mwanza." Nikamwambia aniachie. Sipendi kuambiwa haiwezekani na mtu ambaye hajajaribu.

Mashine yenyewe haina makuu. Unaweka kipande cha chuma, umeme unaiwasha gesi ya argoni inang'aa, inakichuna kidogo kidogo, na kila elementi inajitambulisha kwa rangi ya mwanga wake. Udongo unagoma kwa sababu haupitishi umeme. Mimi nauchanganya na unga wa shaba safi, naubana kuwa kidonge kigumu, na shaba inaubebea umeme huo.

Mama Mageni alileta wake kwenye mfuko wa nailoni, umeshasagwa laini. Anauza pemba sokoni, ule udongo wanaotafuna wajawazito. Mkwewe Paskazia ana mimba ya miezi sita, na nesi amemkataza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimezaa sita natafuna hii hii. Leo naambiwa namlisha mkwe wangu sumu. Ipime. Ikiwa kweli, kesho siuzi."

Nilianza na kidonge cha shaba tupu, kikawa safi. Cha pemba kikaleta madini ya risasi na aseniki, sumu zote mbili, na chembe za dhahabu.

"Nilikwambia," Luka akasema. "Mashine imechanganyikiwa."

Haikuchanganyikiwa. Dhahabu ndiyo iliyonifumbua macho, maana udongo wa bondeni kama pemba hauna dhahabu namna ile. Mawe ya mgodini ndiyo yanayo, tena pamoja na aseniki.

"Mama, huu ulisagwa wapi?"

"Karashani kwa Marselino. Maabara zote hapa Geita si zinataka kitu kilichosagwa? Nikaona nisikusumbue."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Karasha la Marselino linasaga mawe ya dhahabu mwaka mzima, na vumbi lake halitoki hata ulioshe. Bahati nzuri mama alikuwa na kipande kizima kwenye pochi, cha kutafuna njiani. Nikakikwangua juu, nikakitwanga kwenye kinu chetu safi, nikabana kidonge kipya. Safari hii mashine haikuona risasi, wala aseniki, wala dhahabu. Luka akajifanya anatafuta kalamu.

"Pemba yako haina kosa, mama," nikasema kwa majivuno. "Sumu ni ya karasha."

Nilitarajia ashangilie. Akakaa kitini taratibu, mfuko ule mapajani.

"Paskazia anaumwa meno," akasema. "Miezi miwili sasa, pemba yake namsagia kwa Marselino."

Kile kicheko changu kikanitia aibu. Nilivua koti la maabara, nikamwinua mama kwa mkono.

"Twende tukaimwage yote, halafu tumpeleke hospitali apimwe damu. Karatasi ya majibu naibeba mimi."